Sauti ya Sefu Kiunoni

Siku hizi bastola haifyatuki kabla haijasema, nayo husema pale tu inapohisi hatari, kwa sauti ya mtu ambaye mwenye silaha hathubutu kumbishia. Ya Mama Kidawa ina sauti ya marehemu mumewe, Sefu.

Dukani, muuza silaha Shemdoe alimwekea mezani bastola mpya, nyepesi, na mkoba wake wa kiunoni.

"Hii itakufaa, shangazi. Sauti tutarekodi ya bintiyo."

"Bastola ninayo, mwanangu. Nipe mkoba tu, ulio wazi juu, nimsikie vizuri."

"Lakini haisemi mpaka pawe na hatari."

"Najua."

Nyumbani alipika, akapakua sahani mbili. Aliisemesha bastola, ikanyamaza. Basi akafungua komeo, akauacha mlango wazi, upande ule wa uchochoro ambao majirani hawaupiti tena kwa kuogopa majambazi. Akaketi.

Chakula kilikuwa kimeshapoa aliposikia nyayo zikikaribia. Kiunoni, Sefu akakohoa kidogo, kama alivyokohoa siku zote kabla ya kusema neno.

"Mama Kidawa, subiri kwanza."

Mkono wa Mama Kidawa haukuigusa bastola.

"Sema tena," alinong'ona, na nyayo zikaingia ukumbini.