Barua Imeshafunguliwa

Email mpya huwa inakaa na maandishi meusi, mazito. Hii ya kutoka Amerika haikuwa hivyo. Kuna mtu alikuwa ameshaifungua.

Na address tulikuwa na moja, mimi na Okello tu, beshte yangu wa mtaa wa Kongo. Ndiye alinileta hapa cyber ya mtaa wa Satellite, akanifunza kutumia mashine.

Nikasoma. Ameandika rafiki ya bro yangu anayeishi huko. Gari lilimgonga bro siku ya Jumanne akitoka job. Amekufa.

Leo ni Jumamosi.

Nikamgeukia Okello kwa kiti ya pili. Jana tumekula na yeye sahani moja, akinicheka viatu.

"Uliisoma lini?"

"Jumatano."

"Na ukanyamaza? Wewe ni mtu aina gani?"

"Wacha shati yangu, buda. Habari ya kifo inaletwa na wazee. Nilipigia anko yako simu Kisumu, anaingia na basi kesho. Mimi na hii mdomo yangu ningekuambia aje?"

Nilitaka kumpasua. Mkono moja ilikuwa kwa shati yake, ingine bado kwa mouse.

Mathe akachungulia kwa mlango, leso kiunoni. Kila Jumamosi yeye hungoja hapo nje, nimsomee barua ya bro, kifunguamimba wake.

"Ameandika nini wiki hii?"

Okello akaangalia chini.

"Hakuna kitu, mathe," nikasema. "Mashine imekataa. Tutajaribu kesho."