Mgeni Mwenye Mwiba

Mbwa mmoja alizeeka hadi miguu yake ya nyuma ikagoma, lakini kiburi chake hakikuzeeka. Punda alipomwambia, "Mzee, panda mgongoni nikupeleke kwenye maji," Mbwa alifoka, "Mimi si gunia!" Akashinda na kiu.

Paka wa jirani alisikia, akaja kumjulia hali. Walipiga soga, kisha Paka akaaga. "Nisindikize basi, babu. Nimechomwa na mwiba, nachechemea. Utamwacha mgeni wako aende peke yake?"

Hapo Mbwa hakuweza kukataa, maana mgeni husindikizwa. Alijikokota akainuka, Paka akamwegemeza ubavuni, wakaenda polepole hadi kwenye hori la maji lililokuwa njiani. Mbwa akanywa akatosheka, akabaki hapo kuota jua.

Ikawa hivyo kila asubuhi, na Paka akawa anajisifu kimoyomoyo kwamba amemweza mzee.

Asubuhi moja, wakiwa njiani, Mbwa akamtazama. "Mjukuu wangu, jana ulichechemea mguu wa kushoto. Leo ni wa kulia."

Paka akasimama, haya imemjaa. "Kumbe umejua, babu?"

"Tangu siku ya kwanza. Paka aliyechomwa na mwiba hushinda akiulamba mguu. Wewe hukuugusa."

"Mbona ulinyamaza?"

"Ningesema, ungeacha kuja."

Kisha Mbwa akamwegemea Paka kwa uzito wake wote. "Haya, twende, mgeni wangu. Nishikilie vizuri, usije ukaanguka."