Poti Zote kwa Amri Moja

Rungu la kwanza lilimpata Njuki mdomoni, meno mawili yakaanguka kwenye maganda ya ndizi. La pili hakuona lilikotoka.

"Sema nduthi iko wapi!"

"Sijui, jameni! Mimi nilikuwa napakia ndizi!"

Nani angemsikiza? Asubuhi hiyo mwendesha nduthi mmoja alikatwakatwa kwa panga nyuma ya jengo moja la maduka katika mji wa Nkubu, na pikipiki yake ikaibwa. Alikuwa hospitali, hajitambui. Wenzake walimkuta Njuki karibu na hapo, kijana wa kutoka Embu asiye na ndugu sokoni wa kumtetea, basi kesi ikaisha.

Gladwell, mwangalizi wa jengo, alipanda ngazi mbio hadi chumba cha mitambo.

"Baba Kithinji, wanamuua mtu huko chini! Kamera ya nyuma si iliona?"

Koome, fundi wa mtandao, alikuwa ametoka tu kufunga swichi mpya, kisanduku cha kuunganisha mitambo yote, badala ya ile ya zamani.

"Iliona, na rekodi iko. Lakini kamera, rekoda, kila kitu kimechomekwa kwa swichi hii, na poti zake zote, haya matundu ya nyaya, bado zimezimwa. Mimi huzipanga moja moja."

"Moja moja! Wee! Huyo kijana ni rika la Kithinji wako. Angekuwa ni yeye je?"

Hilo lilimchoma Koome. Akilini alimwona mwanawe wa pekee amelala kwenye ile damu, na machozi yakamlengalenga.

"Nenda uwaambie wangoje. Nitawaonyesha uso wa aliyefanya."

Kupitia dirishani alimwona Gladwell akipenya katikati ya marungu na kujitupa juu ya Njuki. Rungu lililokuwa njiani halikusimama. Mkono wa mama wa watu ukavunjika, na bado hakutoka.

"Kamera inakuja!" alilia. "Ngojeni kamera, wanangu!"

Mtu akaja na mtungi wa petroli. Akammwagia Njuki kichwani, na Gladwell ikamrukia pia.

Koome aliuacha utaratibu wake wote. Kuanzia poti ya kwanza hadi ya mwisho, amri moja: washa. Akakosea, akajitukana, akafuta, akaandika tena. Safari hii ikakubali, na taa za swichi zikawaka kijani mstari mzima.

"Haya, fungua, fungua!" akaihimiza kompyuta, huku akiirudisha rekodi hadi asubuhi.

Mtu mwenye helmeti akatokea nyuma ya jengo. Panga likapanda, likashuka. Mwenye pikipiki alikuwa ameshaanguka, ameshaachilia ufunguo, na bado alikatwa. Lakini jitu lenyewe lilikuwa refu, mabega mapana, na Njuki ni kijana mfupi ambaye angemfika kifuani tu.

Koome aliruka hadi dirishani. "Si yeye! Mungu wangu, mwacheni, si yeye! Nimemwona aliyefanya!"

Marungu yakasimama hewani. Gladwell, uso umejaa petroli, akaanza kulia kwa sauti, na Njuki akamshika gauni asimwachilie.

"Tunakuja kumwona sisi wenyewe!" wenye nduthi wakajibu, na viatu vyao vikaanza kugonga ngazi.

Koome alirudi kwenye skrini ili waikute tayari. Mshambuliaji alikuwa akihema. Akavua helmeti, akajifuta damu usoni kwa kiganja, halafu akainua macho kuelekea kamera.

Kithinji.

Viatu vilikuwa vimefika kwenye mlango. Koome akaandika amri moja, poti ya kwanza hadi ya mwisho, na taa zote zikazimika.

"Mashine imeungua, vijana," akawaambia. "Lakini pale mwanzo niliona vibaya. Ni huyo huyo mliye naye."