Bega la Kulia la Hindurao

Kabla nesi hajaja kumchukua, Hindurao Khot alikuwa amekwisha kujiandikia kwa kalamu ya wino kwenye bega la kushoto: SI HILI.

Mkewe, Rakhma, alimkodolea macho. "Baba Nanda, umerukwa na akili? Daktari hajui kulia na kushoto?"

"Anajua. Ndiyo maana naogopa."

Hindurao alikuwa na miaka sitini na moja. Mji mzima wa Kolhapur walimwita Pailwan, mwanamieleka, ingawa siku hizi kazi yake ilikuwa kufundisha vijana kuangushana kwenye udongo mwekundu. Mwaka mzima bega la kulia lilikuwa limemtesa. Hakuweza kujifunga kilemba wala kulalia ubavu ule. Mkandaji alimpaka mafuta, zahanati ikamdunga sindano mbili, wapi! Mwishowe picha ikaonyesha kano iliyochanika na kujivuta mbali na mfupa, na juu yake mwiba wa mfupa uliokuwa ukiikwaruza kila alipoinua mkono.

"Matundu matatu madogo tu," daktari wa upasuaji, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, alimwambia. "Naingiza kamera nyembamba kama kijiti cha udi. Nausaga huo mwiba, kano nairudisha mahali pake na kuifunga kwenye mfupa kwa skrubu ndogo. Wiki sita utaning'iniza mkono shingoni. Ukinisikiliza, kilemba utajifunga mwenyewe."

Hindurao alimpenda papo hapo. Akatoka, akageuka kufunga mlango, akasoma jina lililobandikwa: Dakta Ketaki Jagdale.

Tangu hapo kila neno la yule mwanamke likawa na mwiba wake. "Nyumbani kwetu jina lako linajulikana sana, Pailwan," alimwambia siku ya vipimo, akitabasamu. "Baba akisikia ni nani nimemshika bega!" Halafu, kama mtu asiye na neno: "Hivi mjini Sangli ulipigana mara ngapi?"

Sangli! Mtu wa mifupa, Sangli inamhusu nini? Hindurao alidanganya kwamba hakumbuki. Wiki nzima hakulala vizuri, na safari hii si kwa maumivu.

Sasa siku imefika. Nesi alipochelewa, aliingia daktari wa usingizi, mwanamume mpole wa sauti ya chini ambaye wodi nzima walimwita Dakta Shirish. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akauliza kuhusu presha, meno ya bandia, chakula cha mwisho. Akaona maandishi begani. Hakucheka.

"Unaogopa nini, mzee wangu?"

Hindurao akamtuma mkewe chai. Alipobaki na daktari peke yake, akamshika mkono.

"Usinilaze. Nitie ganzi begani tu, nibaki macho nimwone."

"Ganzi utapata. Ila utakaa nusu wima kama kwa kinyozi, saa mbili bila kutikisika. Usingizi kidogo lazima. Umwone nani?"

"Yule Jagdale. Mwanangu, ana kisasi na mimi." Hindurao alishusha sauti. "Miaka thelathini na miwili iliyopita, fainali ya Sangli, nilipambana na Maruti Jagdale. Alikuwa ananishinda. Filimbi ya kutuachanisha ikalia, yeye akalegea. Mimi sikumwachia. Nikaukunja mkono wake mara moja zaidi, bega likalia kama muwa unaovunjwa. Watu wote waliamini ameteleza. Hakupigana tena. Aliishia kukamua juisi ya miwa barabarani, kwa mkono mmoja. Sikwenda kumwona hata siku moja. Sijui nyumbani kwake aliwaambia nini, lakini yule binti anajua. Nimeona machoni mwake."

Dakta Shirish alinyoosha mpira wa dripu ambao haukuwa umejikunja.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna. Hata mke wangu hajui."

"Vizuri," alisema, akainuka. "Mimi nitakuwa kichwani kwako, mwanzo mpaka mwisho."

Kwa mara ya kwanza wiki ile, Hindurao alivuta pumzi ikashuka.

Chumba cha upasuaji kilikuwa baridi kama kisima. Walimkalisha, wakamfunga mkanda kiunoni, wakamtia ganzi shingoni mpaka mkono wa kulia ukawa kama wa mtu mwingine. Dakta Ketaki akaja mbele yake, uso umefunikwa, yamebaki macho tu. Yale macho. Hindurao akashindwa kuvumilia.

"Binti, baba yako yu hai?"

"Yupo sana! Mwalimu wa hesabu, Satara. Amestaafu lakini watoto wa watu hajawaachia." Akacheka ndani ya barakoa. "Mieleka ndiyo ugonjwa wake. Mapambano yako ya Sangli yote aliyasikiliza redioni, anayasimulia mpaka leo. Lakini yeye mwenyewe hata kumwangusha mbuzi hawezi."

"Si Maruti Jagdale? Wa hapa Kolhapur?"

"Marehemu, yule wa juisi ya miwa? Hapana, tumegongana jina tu, Jagdale tuko wengi." Macho yake yakaruka juu ya kichwa cha mgonjwa. "Baba yake Dakta Shirish yule. Kumbe hajakuambia?"

Hindurao alijaribu kugeuza shingo. Kitu cha baridi kilikuwa kimekwisha kuanza kupanda kwenye mshipa wa mkono wake wa kushoto.

"Baba alituambia aliteleza," sauti ya chini ilisema juu ya kichwa chake, huku kifuniko cha hewa kikimshukia usoni. "Mpaka anakata roho, alisema aliteleza. Vuta pumzi, mzee wangu."