Spiriti ya Kibwana

Basi huyo Kibwana alikuwa kinyozi, na kwa usafi, ehe, mji mzima ulimjua. Hagusi kichwa cha mtu kabla hajaipangusa mashine kwa spiriti, hata uwe unawahi mazishi.

Asubuhi moja keshamfunga mzee Mbaruku kitambaa shingoni, mara akaingia Siwema, mchumba wake. Wiki nzima walikuwa hawasemeshani, tangu Siwema alipotaja kondomu, Kibwana akafoka, "Kwani mimi nina ugonjwa?"

Siwema akamwamkia mzee, akaketi kwenye benchi la wateja. Kibwana akamimina spiriti, akapangusa mashine.

"Kwani huyu mzee ana ugonjwa?" Siwema akauliza.

"Astaghafiru! Mzee wa watu?"

"Mbona unapangusa?"

"Si napangusa kwa kila mtu! Namlinda yeye, na anayemfuata."

"Ehe. Na mimi je?"

Mzee Mbaruku akajifunika uso kwa kitambaa. "Semeni tu wanangu, mimi hapa sipo."

Siwema akatoa mkobani cheti chake cha kupima ukimwi na pakiti ya kondomu, akaviweka mezani, kati ya kitana na poda. "Changu hicho. Chako nakingoja, na mpaka kije, tutatumia hizi. Hutaki, posa yako nairudisha kwenu."

Akatoka.

Mzee akachungulia. "Nenda kapime, baba. Nywele zangu zitangoja, duka nitakulindia."

Kibwana kasimama, mashine inanguruma mkononi, spiriti inamtiririka vidoleni.