Wasioingia Kwenye Picha

Devotha aliifungua albamu juu ya meza ya studio, akaweka kidole kwenye picha ya mwisho.

"Kaka Abdala, huyu ni mama yangu?"

Abdala akainama. Ilikuwa picha ya kipaimara cha Brighton, mtoto wa Devotha. Ukoo mzima ulikuwa umesimama mbele ya kanisa. Mwisho wa mstari palionekana bega moja, upindo wa kitenge na nusu ya sikio.

"Amesafiri siku mbili kutoka Bukoba," Devotha alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomuumiza Abdala. "Ameshazeeka. Sijui kama atakuja tena."

Huyo alikuwa mteja wa tatu kulalamika tangu Ramadhani. Kwa miaka ishirini na sita Abdala alikuwa amepiga picha za harusi na mahafali kuanzia Maili Moja hadi Janga, na hakuwahi kumkata mtu. Siku hizi watu walikuwa wakimpotelea pembeni, naye hakujua wanapoteaje.

Aliipeleka kamera kwa Herman, kijana aliyekuwa akiuza na kutengeneza kamera karibu na stendi.

"Mzee wangu, hii ni kropu," Herman alisema akiigeuzageuza. "Kidude cha ndani kinachopokea picha ni kidogo. Lenzi inaleta picha pana, kamera yenyewe inachukua katikati tu, pembeni inakata. Ungekuwa na fulu fremu, yenye kidude kikubwa, wote wangeingia."

"Kwa hiyo ni kamera."

"Kamera, mzee. Wewe una kosa gani?"

Abdala alirudi nyumbani akiwa mwepesi kama aliyetuliwa mzigo. Njiani alikanyaga beseni la nyanya la mama mmoja, wakaziokota pamoja huku akiomba radhi na kucheka.

Harusi ya binti yake, Raudha, ilikuwa imebakiza wiki tatu. Ingefanyika Kurui, kwa wazazi wa mkewe, Mwanamkuu, na Abdala alikuwa ameapa kwamba hakuna mtu mwingine atakayeipiga picha. Kwa hiyo kamera ya zamani ikaenda kwa Herman, akiba yote ya studio ikaifuata, na fulu fremu ikaja.

Picha ya kwanza ilitoka na weusi kwenye kona zote nne. Herman akaeleza kwamba ile lenzi ilitengenezwa kwa kamera ndogo, hii kubwa inataka lenzi yake. Abdala hakuwa na kitu tena cha kuuza. Alimweleza mkewe.

Kesho yake jioni alikuta nafasi tupu chini ya dirisha la sebuleni.

"Mama Raudha, cherehani yako iko wapi?"

"Nimeshona sare za watoto wa watu mpaka mgongo umechoka," Mwanamkuu alisema. Alikuwa anadanganya, na wote wawili walijua. "Kanunue hiyo lenzi. Mama yangu anaumwa, hali yake unaijua. Nataka aingie kwenye picha ya mjukuu wake."

Herman aliifunga lenzi mpya, akapiga picha ya mlango wa duka, akamwonyesha. Ilikuwa safi hadi kwenye kona.

Siku ya harusi kulikuwa kweupe Kurui nzima, wala hapakuwa na wingu. Baada ya nikahi familia ikapangwa mbele ya nyumba, maharusi katikati, wazee kwenye viti, wengine nyuma yao. Mbaraka, kaka yake Mwanamkuu, alimjia Abdala kutoka ubavuni akamnyooshea mkono. Abdala akapita.

"Kamera kubwa imemtia maringo shemeji," Mbaraka aliwaambia wenzake, akaenda kusimama mwisho wa mstari, nyuma ya kiti cha mama yake.

Abdala akaweka jicho kwenye kamera. Aliwaona maharusi. Aliwaona wazee wawili waliokaa karibu nao. Wengine hawakuwamo. Akarudi nyuma hatua tano, akarudi tena, mpaka mgongo wake ukagusa ua wa michongoma. Mama mkwe bado hakuingia. Kamera kubwa ilimwonyesha watu wachache kuliko ile ndogo.

Akaishusha.

Watu walianza kunong'ona. Raudha akainua gauni lake, akamfuata pale uani.

"Baba, kuna nini?"

"Herman amenitapeli, mwanangu. Nimempotezea mama yako cherehani yake. Na picha ya harusi yako imenishinda."

"Nipe niangalie."

Raudha aliitazama familia yake kupitia ile kamera kwa muda mrefu.

"Wote wamo, baba. Bibi yumo. Mjomba Mbaraka yumo, na banda la kuku nyuma yake."

"Bibi hayumo. Hebu angalia vizuri."

Raudha aliishusha kamera taratibu, akaibana kifuani kwa mkono wa kushoto, akamtazama baba yake usoni. Machozi yakaanza kumtoka. Kisha akainua mkono wa kulia, uliojaa hina mpaka kwenye kiwiko, akaupeleka pembeni ya sikio la baba yake, umbali wa shibiri moja, akaanza kuupunga.

"Baba," aliuliza, "ninafanya nini?"

Abdala akatabasamu, kama mzazi anayembembeleza mtoto.

"Umesimama tu, mwanangu. Umesimama, unalia."