Majina Ishirini na Matatu

"Futa kuanzia kumi na tisa mpaka chini," bosi alisema, amesimama nyuma ya kiti cha Hildegarda, karani wake. Shamba la mkonge lilikuwa limeuzwa, na mwekezaji aliona orodha ya wakulima wanaostahili kubaki na viwanja ni ndefu mno. Ile iliyoandikwa kwa mkono bosi alikwisha kuichana.

Hildegarda alibofya mbele ya jina la kumi na tisa, akashikilia Shift, akabofya mwisho wa orodha. Majina ishirini na matatu yakapakwa weusi. Wenye majina hayo walikuwa barazani tangu asubuhi, wengine wametembea kutoka Lumuma.

Kidole kilifika kwenye Delete, kikasita, kikahamia Ctrl na X. Majina yalitoweka vilevile, lakini kompyuta ilikuwa bado imeyashika. Angekata neno jingine lolote, yangepotea kabisa. Umeme ungezimika, hali kadhalika.

"Sasa kata hicho kichwa cha orodha, ukihamishie chini."

"Nitakiandika upya, mzee."

"Si ukikate tu?"

"Kinataka herufi kubwa."

Aliandika, akachapa orodha iliyobaki. Bosi akachukua karatasi, akaenda kutafuta mhuri.

Hildegarda alifungua ukurasa mpya, akabonyeza Ctrl na V. Majina yote yakarudi. Printa ilianza kukwaruza, na bosi akasikia.

"Unachapa nini tena?" aliuliza mlangoni.

Hildegarda alichomoa karatasi, akampita, akatoka barazani na kuanza kuwasomea wakulima majina yao.